Mabawa Meusi ya Mwezini

Chwaa. Vigae vyembamba vya kioo vikimiminika ndani ya chupa ya chai, kama mtu anatikisa shanga ndani ya kopo. Mpaka leo nikishika chupa ya chai naitikisa kwanza, nisikie. Ile ilivunjika mkononi mwangu, jikoni kwetu, mtaa wa Hail, alasiri ya Jumatano, dakika chache baada ya kufedheheka mbele ya mama.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, kule Khoudh, akisomea uhandisi. Miye shule nilikomea sekondari. Nashona kofia kwa mkono nyumbani, tundu baada ya tundu, na mawazo nayaachia yatembee yanakotaka. Mradi wake ulikuwa kinu cha nyuklia, kidogo, cha kuwekwa mwezini kutoa umeme. Usiku wa huko, alisema, ni kama wiki mbili mfululizo, na umeme wa jua hauna la kufanya gizani. Hapo nilimfahamu vizuri. Nikawaona watu wa mwezini wamewasha taa, wanapika wali, wanagombana nani aoshe sahani. Yaliyobaki yalinipita juu ya kichwa.

Alkhamisi alitakiwa aueleze mradi ule ukumbini, mbele ya wazazi na jamaa wa wanafunzi, kwa lugha ya mtu wa nyumbani. Dokta anayemsomesha chuoni alishasema wazi: nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo ni moja, wanaoitaka ni wawili, na atakayeeleweka ndiye atakayekwenda. Basi akanichagua miye nimsikilize.

"Ukifahamu wewe, dada, atafahamu kila mtu."

Sijui kama ilikuwa sifa. Nilifurahi tu.

Alikuwa na mfano wa kadibodi: kopo dogo katikati, ndicho kinu, na kandoni mabawa mapana aliyoyapaka rangi nyeusi. Siku tatu alisimama mbele yangu na kadibodi lake, na kila akinyamaza kunitazama, natikisa kichwa kuitikia. "Nshafahamu." Sikuwa nimefahamu. Lakini kwetu humwambii mtu usoni kuwa hukumfahamu. Ni kama kumwambia pilau yake imekosa chumvi na yeye bado kashika upawa. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini mabawa ni meusi. Akasema, "Weusi ndio kazi yake, dada." Nikatikisa kichwa.

Jumatano ile mama akaja kukaa nasi, akanigeukia.

"Haya, nambie weye, dada mtu. Mabawa yale ya nini?"

"Ya kuotea jua, mama. Ndiyo yanayoleta moto."

Mdogo wangu aliliweka kadibodi chini polepole. "Yanapoza, dada! Siku tatu nasema yanapoza!"

"Yanapoza nini, na wewe umesema baridi ya huko inaua mtu?"

"Sasa ulikuwa unatikisa kichwa cha nini?"

"Nlikuwa nakutia moyo."

"Moyo nnao. Nlitaka masikio!"

Mama alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Mdogo wangu hakucheka. Macho yalimjaa machozi, na miye nikakimbilia jikoni kuleta chai, maana sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Mikono ilikuwa majimaji. Chupa ikaniponyoka, ikapiga ukingo wa sinki, nikaidaka. Nje nzima. Ndani, chwaa.

Alikuja mbio, akadhani nimejikata. Akaichukua, akaitikisa. Halafu akaniuliza kwa nini chai humo hukaa moto.

"Kwa sababu chupa ina kifuniko."

"Hapana. Ina kuta mbili za kioo cha kung'aa, kinachourudisha moto ndani, na katikati hamna kitu, hata hewa hamna. Moto hauna wa kumshika mkono ukatoka naye. Na huko juu hamna hewa vilevile. Kinu bila mabawa kingebaki na joto lake kama chai hii, mpaka kiungue."

"Basi huko ni baridi au moto?"

"Vyote viwili, dada."

Hapo nikachanganyikiwa zaidi, lakini safari hii nilimwambia. Akafuta macho, akaniapisha: "Kesho usinitikisie kichwa. Ukipotea, nyanyua mkono. Wallahi?"

"Wallahi."

Asubuhi alifunga kigae kimoja cha chupa ndani ya kitambaa, kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, akenda nacho.

Ukumbini tulikaa safu ya nne, mama na miye. Mdogo wangu aliongea bila karatasi. Alieleza usiku wa wiki mbili, akaeleza chupa ya chai, na kina mama wote wakatikisa vichwa na kusema mashaallah. Dokta mbele anaandika. Kisha mdogo wangu akasema kwamba joto la kinu linapelekwa kwenye mabawa, na mabawa yanalitupa nje, kule kusiko na kitu.

Nikapotea. Kama patupu ndipo panapoizuia chai isipoe, mabawa yanalitupaje joto patupu hapohapo?

Niliwatazama jirani zangu, labda wao wamelikamata. Wote vichwa vinapanda na kushuka. Na uso wa mdogo wangu ulikuwa unapita juu ya vichwa vile, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta ufunguo wake. Mama akanishika goti. "Tulia," akaninong'oneza. "Usimharibie."

Nami ndilo nililoliogopa. Nikimuuliza akakwama, nafasi imeondoka kwa ulimi wangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemdanganya kwa siku ya nne, na sasa mbele ya watu. Kwenye meza yake kile kigae kilikuwa kinameremeta karibu na bawa jeusi. Nilivitazama vyote viwili kwa muda. Havikuniambia kitu.

Nikauondoa mkono wa mama gotini, taratibu. Nikaunyanyua wangu. Hakuna mwingine aliyenyanyua.

Akaniona, na uso wake ukatua kwangu, kama mtu aliyeuona ufunguo wake. Nikaunyanyua zaidi.