Kimya cha Buko

Mdomo wa Donat ulikuwa chombo cha kazi. Yeye ndiye aliyepitisha makaratasi ya malori forodhani, mpakani Kasumbalesa, na karatasi mbovu kuliko zote ilivuka kwa maneno yake tu. Ndiyo maana katekista Alphonse alipomwambia baada ya misa, "Donat, muntu mwenye hana na kimya mu roho, hajasali bado hata siku moya," alicheka sana, akafika nyumbani, bukari, ule ugali wa kila siku, ikamshinda kumeza. Miaka thelathini ya rozari! Kama haikuwa sala, ilikuwa nini? Na nani huko juu alikuwa akivumilia makelele yale?

Alitaka kujua. Jumamosi akazima simu, akaketi kwenye kona ya sebule, akafumba macho. Kimya gani? Kichwani malori yalipanga foleni, kila dereva na honi yake. Akajaribu kuwaza mwanga wa mbinguni; ukawa taa za breki.

Mara akaingia mama Kangwa, mama mukwe wake, ametoka Kilwa, ile ya huku ziwani, na kitunga cha samaki wakavu. Akaketi palepale mlangoni, apumzishe miguu. Ndipo akamwona mkwe wake.

"Yoo! Mama yangu!" Akajifunika uso kwa kitenge, lakini miguu ya safari haikuinuka tena.

Buko, heshima ya ukwe, haina mchezo. Huku kwao mwanaume hamtazami mama mukwe usoni, hamsemeshi, hapiti karibu naye. Kwa miaka kumi na tisa, Donat mwenye maneno ya kugawia mji mzima hakuwahi kumpa mama huyu hata moja. Na mlango ulikuwa mmoja. Mkewe Sephora alikuwa sokoni.

Donat akageuza kiti, akatazama ukuta.

Kwanza alifikiria dirisha, lakini nondo zilikataa, na tumbo pia. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushawishi, maneno ya ndani yakaanza kuchoka yenyewe. Lori moja likazima injini. Likafuata jingine. Mwishowe hakubaki hata dereva. Alisikia pumzi yake, na nyuma yake pumzi ya yule mama, basi. Hakuomba kitu. Hakukosa kitu.

Mama Kangwa akaingiwa na wasiwasi. Kwa heshima ya buko, akasemesha kitunga:

"We samaki, uliza ule baba: iko muzima ao amekufa?"

Donat akaujibu ukuta, polepole, kama mtu anayeonja neno geni:

"We ukuta, ambia samaki: niko nasali."

Sephora aliporudi, mama yake alikimbilia jikoni na sebule ikajaa maneno tena. Donat akamvuta mkewe pembeni.

"Mama atarudia Kilwa siku gani?"

"Kesho. Juu ya nini?"

"Abakie mwezi muzima. Na asikae jikoni. Akae hapa, pa mulango."

Sephora akamtazama, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Papa Donat, uko na malaria?"