Gitaa la Shemeji Kumi

Mtaa mzima ulimwita Lehemu. Vidole vyake vilijaa makovu madogo ya lehemu ya moto, na mashati yake yote yalinuka moshi wa kazi hata yakitoka kufuliwa. Kibanda chake cha kutengeneza redio hakikuzidi upana wa kitanda. Watu walikwisha acha kutengeneza redio. Ikiharibika wananunua nyingine. Yeye alifungua saa mbili asubuhi vilevile, akapangusa meza, akawasha chuma chake cha kulehemu, akasubiri. Ukimuuliza anasubiri nini, alikwambia anasubiri redio. Mkewe alisema anakimbia kazi za nyumbani, na huenda wote wawili walisema kweli.

Jumanne moja aliyeingia hakuleta redio. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, kakumbatia gitaa la umeme lililovishwa foronya.

Shemeji huyu aliitwa Kumi, na hilo jina lina historia yake. Zamani, wote wawili wakiwa vijana wa kiwanda cha nguo, kiwanda kilikuwa na bendi ya wafanyakazi: watu sita, mashati ya kitambaa kimoja kilichofumwa palepale. Walipiga kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa chakula, meza zimesukumwa ukutani, na sakafu ile ya saruji ilichezwa mpaka ikang'aa. Jumamosi kama zile hazipo tena, msidanganyike. Kumi alipiga solo, na volyumu ya gitaa lake haikujua namba nyingine ila kumi. Lehemu alipiga rithim, gitaa la pili, na kwa miaka miwili hakuna aliyemsikia. Siku moja mama yake mzazi alikuja kumsikiliza, akarudi nyumbani akiuliza kama kazi ya mwanawe pale ni kushika gitaa tu.

Neno lile lilimchoma. Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi wa vyombo, Jumatatu alijifungia stoo, akafungua gitaa la Kumi na kulehemu ndani yake risista moja, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kuubana umeme usipite wote. Jumamosi iliyofuata muziki ukanoga. Solo ikasikika, rithim ikasikika, na wasichana wa idara ya kushona wakaanza kukata viuno kwa kufuata gitaa la pili. Ikawa hivyo kwa miaka mitatu, na miaka mitatu ile ndiyo iliyokuwa miaka yao. Lehemu hakumwambia mtu. Kumi alipokuja kumposa dada yake, yeye alikubali upesi kuliko ndugu wote, na ndani ya upesi ule kulikuwa na aibu.

Sasa kiwanda kilikuwa kimegeuzwa ghala, na kati ya wale sita walibaki wao wawili. Kumi alitaka kupiga Jumamosi kwenye mkusanyiko wa wafanyakazi wa zamani, lakini volyumu ilikuwa inakwaruza na sauti inakatika. Lehemu alimwambia aliache gitaa, arudi kesho. Alitaka kulifungua peke yake, aing'oe risista, mambo yaishe bila shahidi. Uzeeni hapa, nani anataka kugombana na mtu wa mwisho aliyebaki naye? Kumi akavuta stuli, akakaa. Alisema mkewe anapaka rangi milango, na yeye harudi nyumbani mpaka ikauke.

Basi Lehemu akaanza kuzungukazunguka. Fundi yeyote huanza nje, lakini siku ile alikaa nje mno. Akabadilisha waya. Akabadilisha amplifaya. Akaitikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, akakaza nati yake, akapuliza vumbi ambalo halikuwapo. Kumi alimtazama tu. Hatimaye hakukuwa na budi kuigusa volyumu yenyewe. Akaizungusha taratibu huku Kumi akipiga uzi mmoja. Moja hadi sita, sauti safi. Saba, ikakwaruza, kisha kimya. Nane hadi kumi, safi tena. Akarudia mara tatu, na kila mara ilikuwa saba.

Hilo lilimshangaza. Ndani ya volyumu mna njia nyembamba ya kaboni, na juu yake husugua ulimi wa chuma; panaposuguliwa zaidi ndipo panapolika. Ya mtu huyu ilitakiwa ilike mwishoni kabisa, kwenye kumi alikoishi.

Akafungua skrubu na kuinua kifuniko. Maneno ya kuomba radhi alikuwa amekwisha yapanga mdomoni. Risista haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya kilichoshikizwa kwa donge la lehemu baya kupita kiasi, kazi ya mtu asiyejua kazi.

Aliuliza nani amefungua gitaa hili.

"Mimi," Kumi alisema. "Kwa msumari niliopasha moto jikoni. Usinicheke."

"Lini?"

"Wiki ileile uliyoweka kidude chako, tulipokwisha piga Jumamosi. Gitaa langu nalijua, shemeji. Na pale kiwandani nani mwingine alikuwa na chuma cha kulehemu?"

Lehemu alitafuta pa kukaa, akakalia sanduku la spika. Maneno yake yote aliyoyapanga hayakuwa na kazi tena. Kwa sauti ya chini alimuuliza mbona basi hakurudi kupiga kama zamani, maana kwa miaka mitatu hakumfunika hata mara moja.

"Nilipokitoa niliiweka volyumu kumi kama kawaida," Kumi alisema. "Nikapiga kidogo mazoezini. Halafu nikaishusha saba, nikaiacha hapo."

"Kwa nini?"

"Jumamosi ile ya kidude chako ndiyo nilikusikia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa sijui kama unajua kupiga."

Lehemu alilia mbele ya shemeji yake bila kujificha, mzee wa miaka sitini na minane. Maisha yake yote aliamini kwamba miaka mitatu ile aliiiba, kumbe alipewa.