Mwenzangu Alisikilizwa, Mimi Nikaambiwa Niloweke Mchele

Jamani, kabla sijaugua nilikuwa mtu wa maneno mengi. Waliokuwa wananunua vitumbua vyangu hapa Kisarawe, asubuhi wakiwahi basi la mjini, wanalijua hilo. Mume wangu alikuwa na nyumba mbili: kwangu hapa, na kwa mke mwenzangu Zena, kule Kwa Mathias, Kibaha. Aligawa kwa haki. Doti ya khanga kwake, doti kwangu. Sukari vivyo hivyo, ingawa mimi kila siku niliona mfuko wa Zena mzito zaidi. Uke wenza ndivyo ulivyo, msinicheke.

Mume wetu alifariki kwa ajali ya pikipiki, barabara ya Morogoro. Alikuwa amempakia Zena nyuma. Zena akavunjika mkono, yeye akakata roho pale pale.

Nikakaa eda. Mwanzo nililia kama wajane wote. Baadaye machozi yakakauka, na mengine yote yakakauka. Chakula kilinikaa mdomoni, kumeza siwezi. Choo nilikipata kwa taabu, hedhi ikakoma. Naamka kabla ya adhana, kifua kizito, halafu nashinda nimeutazama ukuta. Nilinuka, na nilijua ninanuka, sikujali. Wanawake waliokuja kunijulia hali wakawa wananisifu. "Mwenzetu anajua kukaa eda," walisema. "Ametulia." Mjane hatakiwi kuzurura, basi nani angeshtuka? Eda ilipokwisha wakanikogesha, wakanivisha nguo mpya, wakanifukiza udi, wakanitoa. Nikarudi mkekani nikalala.

Wifi yangu Pili ndiye aliyeona hili si jambo la eda. Akanichukua mimi na binti yangu Mwanahawa, wa darasa la kwanza, akatupeleka kwake Kibaha. Kwa Zena ni hapo hapo jirani. Mwanahawa akaanza kushinda huko, kisha kulala huko. Zena akawa anamwogesha, anamsuka. Niliambiwa, na sikuhisi chochote. Mimi, niliyekuwa napima sukari kwa macho, sikuhisi hata wivu.

Zena naye hakuwa mzima. Akisikia pikipiki inanguruma anajitupa chini, anatetemeka, mara nyingine mkojo unamtoka. Barabarani hakanyagi. Pili akatupeleka wote wawili hospitali, kwa mshauri wa afya ya akili. Alikuwa kijana mdogo tu. "Shikamoo mama," akaniamkia. Marahaba yenyewe haikutoka.

Zena alitangulia kuingia. Alikaa humo mpaka makalio yakaniuma kwenye benchi. Nilimsikia analia, anasimulia ajali, anarudia tena tangu mwanzo. Ilipofika zamu yangu, kijana akaniuliza nalalaje, nakula nini, nilikuwa nafanya kazi gani. Daktari mwenzake akaniandikia vidonge. Halafu kijana akasema, "Mama, kesho loweka mchele wa vitumbua. Usipike, loweka tu."

Basi. Zena kasikilizwa, mimi naambiwa niloweke mchele. Tena yeye hakupewa vidonge, nikaona kumbe kichaa ni mimi.

Njiani nikamwuliza Pili, "Kwa nini Zena kakaa sana kule ndani?"

Pili akasimama akanitazama. "Wifi, leo umesema," akasema, akaanza kulia yeye.

Mchele niliuloweka, nikausahau mpaka ukachacha. Tuliporudi hospitali, kijana akanipa hongera. Hongera ya mchele uliochacha. Nikasonya, nikamwambia tumeolewa na mume mmoja, tumefiwa siku moja, tunataka mgawo mmoja. Kama Zena anasimulia ajali, na mimi nisimulie.

"Ulikuwepo, mama?"

Sikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Hata kifo cha mume wangu alikipata Zena.

Kijana hakunikemea. Akasema Zena kila siku yupo kwenye ile ajali, ndiyo maana wanaipitia pamoja taratibu, mpaka aweze kusimama tena barabarani. "Wewe hukuwepo kwenye ajali. Wewe umejifungia ndani. Nikikukalisha hapa kulia kutwa, nitakuzidishia." Maneno yalikuwa mazuri, ila donge halikushuka. Akaniuliza, "Kwa Zena kinachokuuma zaidi ni nini?"

"Anamsuka mwanangu."

Akatabasamu. Akaniambia niache mchele. Kila siku asubuhi nioge, nitembee mpaka kwa Zena, nimsuke Mwanahawa mstari mmoja, nirudi. Mstari mmoja tu.

Siku hizo hizo Pili alinieleza ukweli. Wakubwa wa ukoo walikuwa wamekaa. Shule zikifunguliwa kama sijainuka, mtoto abaki kwa Zena moja kwa moja. Nilioga siku hiyo kwa hasira.

Siku ya kwanza mstari ulipinda, mtoto akachomoka akamkimbilia Zena amalizie. Nilitamani kumnyang'anya kitana. Nikarudi kulala, kesho yake sikwenda. Keshokutwa nikaenda. Kuna asubuhi nilipiga magoti nikatambaa mpaka bafuni, na kilichonivuta si ujasiri, ni picha ya Zena na kichwa cha mwanangu mapajani. Mstari ukawa miwili. Njaa ikarudi. Nikaloweka mchele bila kuagizwa, nikakaanga, Zena akala vitumbua vyangu akasema vimezidi iliki. Nilifurahi kupata mtu wa kugombana naye.

Namshukuru Mungu, kisha Pili, kisha yule kijana. Namshukuru na Zena, kwa shingo upande, maana aliniangalizia mwanangu wakati yeye mwenyewe anaumwa. Siku hizi anasimama pale kituoni Kwa Mathias mwenyewe. Likizo Mwanahawa huenda kwake, na roho huniuma mpaka arudi. Wewe mwenye mgonjwa wa namna yangu, mpeleke kwa wataalamu. Na wewe unayeumwa, mgonjwa wa jirani akitibiwa tofauti na wewe, usidai mgawo wake. Muonee wivu ukitaka, lakini meza vidonge vyako.

Siku tulipotoka Kibaha kurudi Kisarawe, kabla shule hazijafunguliwa, Mwanahawa alishika khanga yangu njia nzima. Tulipofika mlangoni akasema, "Mama, wakati ule nilikuwa nakuita. Ulikuwa huitiki."

Nikamwambia nilikuwa naumwa. Akaniuliza, "Unaumwa wapi?" Sikujua nimwonyeshe wapi.

"Niite sasa," nikamwambia.

Akaniangalia kwanza. Kisha akaita, polepole, kama anayejaribu.

"Abee, mwanangu," nikaitika. Akaniita tena, na tena, na kila mara nikaitika.