Mbwa Watatu wa Ua Mmoja

Ipo asubuhi moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu. Ni ile niliyomfunga mbwa kamba shingoni, nikampandisha nyuma ya lori langu la Fuso nyumbani pale Msamala, Songea, nikashika barabara ya Njombe kwenda Madaba kumtupa. Sikusema kumtupa. Nilimwambia mama yako nampeleka shamba akalinde mahindi. Lakini wewe sasa ni mtu mzima, umejenga, umeweka geti, na nimesikia umepewa mbwa wawili, dume na jike, unawafuga ua mmoja na unauliza watu kama uwahasi au uwaache. Umeuliza kijiweni, umeuliza kazini, mimi baba yako hujaniuliza. Haya, nakuandikia bila kuulizwa. Soma taratibu, mwandiko wangu ni wa darasa la nne.

Wakati huo nilikuwa kijana, na upande ule wa Songea hakuna aliyekuwa hanijui. Nilianza kwa kubeba magunia sokoni, nikapata mashine ya kusaga, nikaongeza ya pili, kisha Fuso. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mzungu wa misheni aliyeniombea kazi. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nani atanikatalia?

Mtu mwenye mali anafuga mbwa, nami nilikuwa nao watatu. Dume kubwa nilimwita Watasema, kwa sababu ya majirani, na majirani walijua ni kwa sababu yao. Jike aliitwa Tulia. Wa tatu alikuwa Bado, dume jingine, mtoto wao wenyewe, tuliyembakiza nyumbani kwa sababu mama yako alimpenda alipokuwa mdogo. Wote walikula ugali wa dona na dagaa wa Nyasa, mbwa wa watu wengine walikuwa wanakula makombo. Na nilikuwa nimeapa kwamba nyumbani kwangu hahasiwi mbwa. Dume aliyehasiwa, nilisema, ni kondoo anayebweka. Vijana wa mashineni walicheka sana kila niliposema hivyo, nami nilidhani wanacheka kwa sababu ni kweli.

Bado alipokuwa mdogo hapakuwa na tabu. Alipokua, kila Tulia akiingia kwenye joto, zile siku za kutaka dume, nyumba iligeuka uwanja wa vita. Mbwa wa mtaa mzima walikesha nje ya uzio, na ndani baba na mwana wakawa hawatazamani vizuri. Mimi nilipata akili ya kwetu. Tulikuwa na banda tupu la nguruwe, lina mlango wa mbao nzito, basi Tulia alikuwa anafungiwa humo mpaka siku zake ziishe. Niliona nimemaliza. Kumbe jike akifungiwa harufu haifungiwi, na waliobaki nje walikuwa wanapigania mlango.

Zamu yetu ikafika ya jumuiya ya kanisa kusali nyumbani. Unajua jumuiya inavyokuwa, mikeka imetandikwa uani, akina mama wamejaa, wazee wamepewa viti. Tulia alikuwa bandani. Watasema nilimfunga kwenye nguzo, Bado nikamfunga nyuma ya jiko, kwa kamba za katani zile za kufungia magunia. Katikati ya sala kamba zilikatika, sijui ipi ilianza. Walikutana mbele ya banda, wakaja wakiviringika mpaka kwenye mikeka, meno ndani ya shingo. Viti vilianguka. Mzee mmoja alipanda juu ya pipa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka mmojawapo, umri wa kutambaa, na mama yako alikunyakua kwa mkono mmoja kama mtu anayenyakua sufuria motoni. Walipita palepale ulipokuwa.

Niliwaachanisha kwa ndoo za maji. Watasema alichanika sikio, Bado alikuwa anachechemea na shingo inatoka damu. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Komba, mwanamke mpana mwenye maneno yake, alikunguta kanga akasema, "Baba, sisi tulikuja kusali. Ndondi ungetutangazia mapema tuje na viti vyetu." Watu wakacheka, lakini alipofika getini aligeuka, hakuwa anacheka tena. "Hapa hatusali mpaka mbwa hawa wawe na utaratibu. Leo mtoto amepona."

Mama yako hakupiga kelele. Alisema, "Wakipigana tena mmoja atakufa, na hatujui atakufa na nani. Wewe ndiye mwenye nyumba." Kisha akaenda kukuogesha. Ndipo nilipoamua Bado aondoke.

Madaba alikuwepo baba yangu mdogo, mzee Ambrosi, aliyekuwa anatunza shamba na nguruwe wetu. Nilimkuta bandani na ndoo ya maji ya dawa na wembe mpya, anahasi vitoto vya nguruwe. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba mdogo." Akajibu marahaba bila kuinua kichwa, akaniambia nikunje mikono nimshikie. Kushika nguruwe sijaona mtu wa kunishinda mpaka leo, unabana miguu ya nyuma, unageuza tumbo juu, kazi inaisha kabla mama yake hajamaliza kukasirika. Tukawamaliza wote, tukanawa, ndipo akamwona Bado kwenye gari.

"Yule nani?"

"Nimekuletea mlinzi."

"Mlinzi gani ana shingo kama ametoka buchani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anafuta wembe kwa kitambaa. Nilipomaliza akauliza, "Kwa nini hukuwahasi?"

Nikampa maneno yangu ya kondoo anayebweka. Hakucheka. Alinitazama, akatazama vitoto vya nguruwe vilivyojikunyata kwenye majani.

"Na hawa tuliowakata sasa hivi, uliwauliza?"

"Hawa ni nguruwe, baba mdogo. Wanahasiwa ili wanenepe."

"Na maksai?"

"Ili wavute jembe."

"Na mbwa unakataa kumhasi ili iweje?"

Nikaanza kukunjua mikono ya shati. Akasema, "Nitakwambia mimi. Unakataa kumhasi ili wewe utembee mtaani na dume. Sasa uanaume wa mbwa unausimamia wa nini, na wako unao? Au umepotea?"

Mke wake, aliyekuwa anapepeta mahindi pembeni, alicheka mpaka ungo ukayumba. Damu ilinipanda. Mimi, mtu wa mashine mbili, nachekwa na watu waliovaa kandambili! Nikasema, "Sawa. Lete huo wembe. Nishikieni mbwa, namaliza hapa hapa, na nikifika nyumbani namaliza yule mwingine." Na ningeweza, mwanangu. Mkono wangu ni mwepesi, vitoto vya nguruwe nilivyohasi havina idadi. Niliruka kwenye gari, nikaanza kumvuta Bado kwa kamba. Alikuja bila ubishi, mkia chini, akalala mwenyewe mbele ya miguu yangu.

Baba mdogo alitia wembe mfukoni.

"Huyu si kitoto cha nguruwe cha wiki mbili. Ni mbwa mzima, ana damu nyingi na ana meno. Anachomwa sindano ya usingizi, anakatwa na daktari wa mifugo, anashonwa. Ukimkata hivi atakufa, na asipokufa hatakusogelea tena." Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. "Ulipokataa kumhasi ulikuwa unajitetea wewe. Sasa unakubali kwa sababu umechekwa, bado ni wewe. Nakusikiliza tangu umefika. Huyu mbwa yuko wapi kwenye maneno yako?"

Nikaiachia kamba. Akaendelea, sauti ya chini, "Na hapa simpokei. Huku nako majike yapo. Unataka tu apigane mahali ambapo wewe huoni."

Tulikula ugali, tukazungumza habari za mbolea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mchana nilirudi Songea na Bado kwenye kiti cha mbele, kwa sababu nyuma nilipakia mahindi.

Nilimweka Bado kwenye stoo ya mashine ili asionane na baba yake, kisha nikamleta daktari wa mifugo nyumbani. Sikumwambia fanya hivi, na hilo kwangu lilikuwa jipya. Nilimwuliza. Alimpapasa Tulia, akasema hana mimba, ila yuko kwenye joto na damu imejaa sehemu zile, hafai kupasuliwa sasa, tungoje. Akasema kwa jike ni kazi kubwa kuliko kwa dume, anafunguliwa tumbo, anahitaji mahali safi na mtu wa kumwangalia mpaka kidonda kikauke. Kwa dume ni kazi fupi.

Mimi nikasema, basi tuhasi madume, jike tumwache. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na wewe mgongoni.

"Na madume ya mtaa nayo utayahasi?" akauliza.

Daktari akacheka.

Mama yako akaendelea. "Kila uzao ni mimi nazunguka na kikapu cha watoto wa mbwa, nabadilishana kwa jogoo kwa sababu watu wanasema mbwa wa bure halindi. Wa mwisho nilibembeleza watu, hata jogoo sikuomba. Mmoja nilimwona baadaye dampo, mbavu nje. Sirudii."

Nilikuwa sijui habari ya dampo. Ndivyo tulivyoamua kuwahasi mbwa wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na chanjo ya kichaa cha mbwa juu yake. Jirani mmoja alipita akaniambia kwa kejeli, "Naona umebadilisha mbwa kuwa watawa." Nikamwambia apite getini usiku kama anawaona watawa. Hakupita.

Sasa nikwambie kilichotokea, usije ukadhani nakuuzia dawa ya kienyeji inayotibu kila kitu. Fujo za uzioni zilikwisha. Tulia alinenepa, tukampunguzia ugali. Kulinda hawakuacha, Bado, kabla sijamrudisha nyumbani, alimshikilia mwizi suruali mchana kweupe kwenye stoo yangu mpaka vijana wakaja. Lakini Watasema na Bado hawakuwa marafiki. Daktari alinionya mapema kwamba ugomvi uliokwisha kuwa mazoea hauondoki wote kwa kisu, na kwamba ningewahi kabla hawajaonja damu ingekuwa rahisi zaidi. Kila mmoja alikuwa na bakuli lake na upande wake wa geti. Walinguruma. Hawakuumana tena.

Jumuiya ilirudi. Mama Komba aliingia wa kwanza, akasimama getini katikati ya mbwa wawili waliolala, akamtazama huyu akamtazama yule, akasema, "Haya, tuanze kabla hawajabadilisha mawazo." Wewe ulikuwa umeanza kutembea. Ulikwenda ukamshika Watasema sikio lile lililochanika, naye akakuacha.

Watasema alikufa kwa uzee. Tulimzika nyuma ya banda la nguruwe. Bado alilala juu ya ule udongo mchana kutwa, jioni akanyanyuka, akarudi upande wake wa geti. Upande wa baba yake hakuugusa mpaka naye akafa.

Sasa wale wako wawili. Mwanangu, jike asifike kwenye joto lake la kwanza hujaamua, na usiamue kijiweni, maana hapo kila mtu atakushauri habari za uanaume wake. Kama huna mpango wa watoto wa mbwa na huna nyumba za kuwapeleka, hasi wote wawili. Ukishindwa kufanya wote kwa pamoja, anza na jike, kwa sababu uzio wako hauzuii mtaa mzima. Dume akishahasiwa mtenge na jike kwa wiki kadhaa, mbegu hazimwishi siku hiyo hiyo. Usimwite mtu wa wembe, hata awe mimi. Na kama daktari atasema mmoja wao ana ugonjwa au ni mdogo mno, ngoja, usione aibu kungoja. Juu ya yote, ukianza kutoa sababu zako, zisikilize mwenyewe kwa sauti, uone kama mbwa yumo.

Mungu akuwekee nyumba ambayo mtoto anaweza kutambaa uani bila mama yake kukimbia. Wageni wako waingie kwa miguu yao na watoke kwa miguu yao. Wanaolala getini kwako walale wameshiba, na wewe uliye ndani ulale.