Karai la Mama Laban

Kwa miaka kumi na minne Muhonja alilipwa mshahara kwa kutafuta makosa. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Nairobi. Kutwa nzima kitambaa kilipita mbele yake juu ya meza ya kioo iliyowashwa taa chini, naye alikitia chaki kila mahali uzi ulipokatika. Mwaka wa tisini na nne, mitumba ilipokwisha kujaa nchi nzima, kiwanda kilifungwa, na kila mfanyakazi akaagwa kwa mkono na yadi tano za marekani, kitambaa kizito cha pamba. Makosa hayakufungwa pamoja na kiwanda. Muhonja aliendelea kuyapata, ila sasa hakuwa na chaki, alikuwa na mdomo.

Hiyo ilikuwa bahati mbaya kwa mtaa wa Mowlem, na hasa kwa kina mama waliokutana kila Alhamisi saa nane mchana katika kanisa la mabati kudarizi vitambaa vya viti. Nyumba ya Eastlands siku hizo iliweza kukosa maji wiki nzima, lakini haikukosa vitambaa: cha kochi, cha stuli, cha redio, na kimoja kikubwa cha kufunika hivyo vingine visishike vumbi. Muhonja ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Hakuna aliyemchagua. Alianza kuwasahihisha wiki ya kwanza, na hakupatikana wa kumnyamazisha.

Nyumbani hakukuwa na wa kumsahihisha. Mumewe, Luseno, dereva wa lori, alikuwa amejifunza kutokuwepo hata siku ambazo lori limeharibika. Mwanawe Laban alihamia Komarock, mwendo wa nusu saa kwa miguu, akawa akija mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo siku sita za wiki Muhonja alikuwa Mama Laban tu. Alhamisi alikuwa mwalimu, na asingekubali kupokonywa Alhamisi.

Alifundisha vizuri, hilo hata adui zake walikiri, na adui zake ndio waliokuwa wanafunzi. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa, alisema, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu, hiyo ni pamba, nunua. Ukiyeyuka ukawa shanga nyeusi, hiyo ni nailoni, mrudishie mwenye duka na umtazame usoni. Uzi wa kudarizi loweka kwenye maji ya moto, uufinye ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha hata alama hafifu ya rangi, haufai. Na marekani mpya usiitie sindano kabla ya kuichemsha, maana hurudi, yaani hupungua ikiona maji, lakini uzi wa maua yako haupungui.

Mwaka wa tisini na sita ilitangazwa kwamba askofu angekuja Jumapili ya kwanza ya Disemba. Meza ya Bwana ilihitaji kitambaa kipya, kichaguliwe kati ya vile watakavyodarizi kina mama. Muhonja akatunga sheria: kila kitambaa kitatiwa kwenye karai la maji yanayochemka, kipigwe pasi ya makaa, na kikishindwa kikatwe vipande hapohapo vikawe vya kupangusia vumbi, kila mwanachama kimoja.

Wa kwanza kuangukiwa na sheria hiyo alikuwa Syombua, Mama Muthoki, mke wa mchonga vinyago. Alikuwa amedarizi ndege kama wale anaowachonga mumewe, kwa uzi mwekundu juu ya teteroni inayong'aa, kitambaa cha jamii ya nailoni. Ndege waliingia majini wanane, wakatoka doa moja. Pasi ya makaa ikamalizia kilichobaki. Teteroni iliyeyuka ikashika chuma kama ugali uliokauka.

"Hii umenunua kwa macho," Muhonja alisema, akifungua mkasi. "Kwani masikioni nilikuwa nimekutia nini?"

"Kata tu, mwalimu," Syombua alijibu. "Lakini jua mimi nahesabu."

Syombua alikwenda mpaka Eastleigh kwa Nurto, muuza vitambaa asiyekuwa na haraka ya kuuza, akachoma nyuzi mlangoni pake mpaka Nurto akamuuliza kama amekuja kununua duka au kuliteketeza. Alirudi na pamba. Aliichemsha mara tatu kabla ya kushika sindano.

Muhonja naye alifungua sanduku lake akatoa zile yadi tano za kiwanda. Hakuwa amezigusa kwa miaka miwili. Akadarizi mizabibu pembe zote nne, majani mabichi na zabibu nyekundu, mishono midogo kama chembe za ulezi. Uzi aliuchemsha, akaufinya, akauchemsha tena. Kitambaa hakukichemsha. Kitambaa cha kiwanda chake kilikuwa kikipitishwa kwenye mvuke kabla ya kufika mezani pake; hakijawahi kurudi hata nukta. Kukipima kungekuwa kama kumwomba kitambulisho mtu ambaye umelala naye nyumba moja miaka kumi na minne.

Alhamisi ya mwisho ya Novemba, kitambaa cha Syombua kilitoka kwenye karai jinsi kilivyoingia. Ndege wote walikuwepo. Nafula, mwenyekiti wa kina mama, akafuta mikono na kusema basi, wakilinganishe na cha mwalimu.

"Bado hakijaoga," Syombua alisema.

"Changu hakina haja. Hiki nimekikagua mimi."

"Ati? Hata mimi nilikuwa nimekagua changu. Tia kwa karai, Mama Laban."

Hakumwita mwalimu, na kila mtu alisikia.

Muhonja alikitia mwenyewe. Rangi haikutoka hata tone. Aliwaonyesha maji yakiwa meupe, polepole, ili wayaone vizuri. Kisha akakiinua. Kitambaa kilikuwa kimepungua vidole vinne, na zabibu, ambazo hazikupungua, zilikuwa zimesongamana na kutokeza kama uso wa mtu aliyekunywa dawa chungu. Aliipitisha pasi mara tano. Mikunjo ilikaa pale pale. Siku zile za mwisho kiwanda kilikuwa hakina hata makaa ya kuchemshia maji ya mvuke. Walikata marekani moja kwa moja kutoka kwenye mashine, wakawapa watu wakaenda. Angelowesha pembe moja tu, angejua.

"Hii ni zabibu," Syombua aliuliza, "ama ni ndui?"

Kuna aliyecheka, kisha wengi. Syombua akachukua mkasi.

"Lete hiyo makasi," Muhonja alisema. "Kukata hujui, utapinda."

Akachomoa uzi mmoja ili upatikane mstari ulionyooka, akakata kando yake. Alifanya hivyo kwa kila kipande, mbele ya wote. Akagawa. Chake hakuchukua. Alikwenda zake, na Alhamisi iliyofuata hakuja. Jumapili iliyotangulia askofu alikuwa amekuja akala mkate juu ya ndege wa Syombua. Muhonja, benchi la nyuma, alihesabu mishono mibaya kumi na mmoja.

Januari yote Alhamisi zilimpata nyumbani, akisahihisha redio. Mwezi wa pili, akipita nyuma ya nyumba ya Syombua, aliona kipande chake kimeanikwa kwenye kamba, kimechakaa kwa kupangusia viatu, zabibu zikiwa nyekundu vilevile. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua zabibu nacho, akakitazama. Kilikuwa safi.

Mlango ukafunguka. "Unatafuta nini kwa kamba yangu?"

"Nakagua."

"Nani amekutuma?"

"Uzi wangu haujatoa kitu. Umepigwa na sabuni na kiwi ya viatu, haujatoa kitu. Na kitambaa kimemaliza kurudi. Saa hii ndio kingefaa kudariziwa."

"Hayo si uje useme mbele ya watu?" Syombua alisema. "Alhamisi ni saa nane. Nitakuwa na karai."

Akafunga mlango kwa kishindo.

Muhonja hakwenda Alhamisi hiyo. Alikwenda iliyofuata, akiwa amebeba karai lake mwenyewe kichwani, kwa sababu lile la kanisa, aliwaambia kabla hata ya kusalimu, lilikuwa na kutu.