Hesabu ya Ukuta wa Ndugu Wawili

Wazee wawili wa Mbagala, ndugu wa baba na mama mmoja, waliniita niwapigie hesabu ya ukuta wa kugawa katikati nyumba waliyorithi. Walikuwa hawasemezani. Niliwakuta wamekaa sebule moja, kila mmoja na redio yake.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," walijibu kwa zamu.

Zamani nilikuwa nakadiria kwa macho, mpaka kazi moja ya Manzese nikasahau usafiri wa mchanga, nikamalizia banda la mtu kwa hela yangu. Tangu hapo napima kila kitu na kuandika kila kitu, hata misumari.

"Mwambie huyo ukuta upite hapa," alisema kaka mtu. Mwenzie alikuwa hatua mbili pembeni.

"Mwambie nimesikia," akajibu mdogo mtu.

Ukuta wenyewe haukuwa na tabu. Ila choo kilibaki upande wa mkubwa, na jiko upande wa mdogo. Nikauliza itakuwaje.

"Mwambie achimbe chake."

"Mwambie na yeye atakula mbichi."

Nikaandika: choo kipya na shimo lake, jiko jipya, mlango wa mbele wa pili, mita ya pili ya umeme. Nilikuwa naitaka sana kazi ile, lakini ukificha shimo kwenye karatasi utakutana nalo kwenye kazi.

Baada ya siku mbili niliwapelekea. Mkubwa alisoma, akavua miwani, akampa mdogo wake pamoja na karatasi, maana mdogo hakuwa na miwani yake.

"Choo kina bei kuliko ukuta?" aliuliza mdogo. Hakuniuliza mimi.

"Na mimi nashangaa," kaka yake alimjibu. "Fundi huyu mwizi."

"Mwizi kabisa."

Wakakaa bega kwa bega, wakaibishia karatasi yangu mstari kwa mstari, mpaka bei ya saruji. Nilijibu kila swali. Saa nzima ilipita. Mwishoni waliniambia watanipigia, kwa sauti ya watu wasiokusudia kupiga.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia sikupata, ila wamepatana. Akaniuliza wamelipa shilingi ngapi kwa hilo.

Miezi kadhaa baadaye walipiga, wote wawili kwenye simu moja. Bati linavuja. Nilipofika walikuwa wameshapima wenyewe na kuandika mahitaji yote. Nikapima upya: hesabu yao ilipungua mabati mawili. Nikawaambia.

"Nilikwambia atasema hivyo," mdogo alimwambia kaka yake.

Kazi nilipewa.