Barafu Tumboni mwa Panya

Jumanne nililetewa habari kwamba yule bwana mifugo wetu wa Mungaa, wa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, amefariki. Aliyeileta akanipa pole. Nikamwambia pole wapelekee wanawe, mimi niambie gari linaondoka saa ngapi. Nilitaka nione akifukiwa. Mnaonisoma humu mnajua sijui kupaka maneno mafuta, na uzee haujanifundisha.

Nilikuwa msichana wake wa kazi. Alikuwa na friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo za ng'ombe, na kile kisanduku cha barafu cha juu alikijaza panya, maana alifuga chatu ndani ya kreti la mbao na kumpenda kuliko watu. Baada ya mavuno panya walijaa ghalani, mvua zikianza hawaonekani, basi tukawagandisha. Tena panya mfu hamng'ati nyoka. Kumlainisha panya aliyeganda ilikuwa kazi yangu: asubuhi namtoa, namtia kwenye kopo lenye mfuniko, kopo naliweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nabadilisha maji, halafu nambonyeza tumbo kwa kidole. Ngozi hudanganya. Nje analainika kama aliyekufa sasa hivi, ndani kuna jiwe la barafu. Shule niliishia darasa la pili, lakini hilo nililijua kuliko yeye.

Siku moja wakaja wageni kutoka wilayani, akataka kuwaonyesha chatu akila. Nikamwambia, "Bwana mifugo, bado. Tumboni kuna barafu."

"Cheti cha mifugo ninacho mimi au unacho wewe?"

"Msikilize mpishi wa panya," mgeni mmoja akasema, wakacheka. Bwana mifugo akamshika panya kwa koleo, chatu akameza. Siku ya tatu akamtapika, nyumba nzima ikanuka, na haikupita wiki akafa.

Bwana mifugo akanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, akasema mbele ya watu kwamba nimemtilia nyoka wake sumu. Nikaeleza habari ya barafu. Balozi, mzee ambaye hakuwahi kugusa barafu maishani, akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, maji yanageukaje jiwe tumboni mwa panya?" Watu wakacheka. Yule msomi jibu alikuwa nalo. Akatazama viatu vyake.

Tulikuwa tunalima shamba la pamoja, na wanawake tunapika kwa zamu kwenye sufuria moja kubwa. Zamu yangu ilipofika, mama mmoja akanitoa mwiko mkononi. "Kaa pembeni, mwanangu. Watu wana watoto." Nikahama Mungaa na mikono ambayo hakuna aliyetaka iguse chakula chake.

Miaka mingi baadaye, bwana mifugo amestaafu, tukakutana sokoni Singida mjini. Nikamwambia twende Mungaa ukaseme ukweli. "Mambo ya zamani hayo, mama, tusameheane." Tusameheane, kana kwamba tulikoseana wawili. Nikamwambia mimi sisamehe. Sijasamehe mpaka leo, na usingizi napata.

Msibani wakamsifu: mtaalamu, mkweli, mtu wa watu. Walipomaliza nikasimama, nikaieleza ile habari yote, polepole, wanawe wakisikia. Safari hii hakuna aliyecheka. Siku hizi friji zimejaa madukani, na kila mwanamke pale amewahi kushika samaki aliyelainika nje na ndani bado jiwe. Mwanawe mkubwa akainama, akatazama viatu vyake, baba yake mtupu.

Nikaenda zangu jikoni. Mama mmoja akanishikisha mwiko. "Bibi, hebu tuangalizie, nyama imeiva?" Nikabonyeza kipande. Nikasema bado. Wakarudisha mfuniko, wakangoja.

Ninyi wenye vyeti, mtu aliyeshika kitu kwa mkono wake akiwaambia bado, ngojeni. Na mkikataa kungoja, msimtwishe yeye kosa lenu, maana wengine tunaishi muda mrefu.